Mzee Kilo wa Mlangoni

"Toka wewe! Toka na majora yako!"

Mshonaji wa ghorofa ya sita aligeuka. Alikuwa amekumbatia majora matatu ya satini, jasho linamtiririka, na mlango wa lifti ulikuwa karibu kufungwa. Mzee alikuwa amemnyooshea fimbo.

"Mimi tena? Jana mimi, juzi mimi!"

"Lifti ya watu wanane hii. Na wewe na hivyo vitambaa ni mtu na nusu. Toka mwanangu, usitumalizie watu."

Waliokuwa ndani wakainamisha vichwa kuficha vicheko. Mshonaji akatoka, akamtupia mzee jicho la pembeni, akapanda ngazi akibwata mpaka juu.

Jengo zima lilimwita Mzee Kilo. King'ora cha lifti cha kuonya uzito ukizidi kilikuwa kimekufa zamani, na kila msimamizi wa jengo alipoulizwa, alisema fundi anakuja kesho. Watu wakachoka kuuliza kesho ipi. Ndipo mzee akaanza kushika zamu bila kutumwa na mtu. Asubuhi ungemkuta hapo, shati limepigwa pasi likanyooka, anawapima watu kwa macho.

"Wewe sabini. Wewe themanini, usibishe. Bibi, ingia tu, wewe huna hata kilo za kuhesabu."

Lifti ikijaa, yeye hubaki chini. Ukimkaribisha apande, anatikisa kichwa: "Nyinyi kwanza. Mimi sina haraka."

"Anajifanya lifti kaijenga yeye," mshonaji alimlalamikia mumewe.

"Si uwahi kuamka umtangulie?"

"Nimewahi! Nikamkuta keshafika, ananisubiri kwa hamu."

Jumamosi moja binti wa ghorofa ya tano akawa anaolewa. Mashangazi zake wakaja wote kwa mpigo kumchukua, kila mmoja na gauni lililoshonwa na mshonaji wetu, marinda kama mapazia ya ukumbi. Wakajisukuma ndani ya lifti. Mshonaji naye akajibana katikati yao, maana gauni la bibi harusi lilikuwa halijafungwa zipu na zipu yenyewe ilikuwa mbishi.

Mzee Kilo akaweka fimbo mlangoni. "Mko kumi na mmoja!"

"Leo harusi, baba, tupishe!" Shangazi mkubwa akaisukuma fimbo kwa mkoba.

Mzee akaona ameshindwa. Akadaka kilichokuwa karibu, nacho kilikuwa kiwiko cha mshonaji, akamchomoa kama mwiba. Mlango ukafungwa puani pake.

"Wewe mzee una nini na mimi?" mshonaji akafoka. "Katika watu wote hao, umeniona mimi tu?"

Kabla hajajibiwa, wakasikia kishindo huko juu. Kisha kimya. Kisha mashangazi kumi wakapiga yowe kwa sauti moja.

Lifti ilikuwa imening'inia kati ya ghorofa ya tatu na ya nne. Watu wa zimamoto waliwatoa mmoja mmoja kupitia upenyo mwembamba, mawigi yamekaa upande, marinda yamechanika. Hakuna aliyeumia, ila shangazi mkubwa hakuzungumza na mtu siku nzima, na bibi harusi aliondoka na kwenda kuolewa mashangazi zake wakiwa bado wako hewani.

Mshonaji alipomaliza kumvalisha, akashuka ngazi. Akamkuta mzee palepale.

"Baba, nisamehe."

"Kiwiko hakiumi?" mzee akauliza.

Mdomo wa mshonaji ukageuka kuanzia siku hiyo. Wakazi walipoitisha mkutano wa kuchagua mwenyekiti wao, alikuwa keshagonga milango yote, ghorofa kwa ghorofa, akimpigia debe Mzee Kilo. Na mkutanoni akasimama mbele ya wote.

"Nani mwingine anatujali hivi? Msimamizi tunamsikia kwenye simu tu. Huyu baba anasimama pale kila siku, anatupandisha sisi, mwenyewe anabaki. Nyumba yenye mtu kama huyu inatafuta nini tena?"

Mikono ikainuka yote, hata ya wale mashangazi, ambao hawakuwa wakazi wala hawakualikwa. Mzee Kilo akatoa leso, akajifuta macho.

"Usilie, mwenyekiti," mshonaji akamwambia, naye machozi yanamlenga. "Tuambie tu, mtu akiwa na shida usiku aje agonge mlango upi? Unakaa ghorofa ya ngapi?"

Mzee akakunja leso taratibu, akairudisha mfukoni.

"Mimi nakaa lile jengo la ng'ambo ya barabara," akasema. "Ila kule hakuna lifti."