Dirisha la Jikoni

Kila Ijumaa mwalimu aliwagawia wanafunzi jarida la habari za watoto, na safari hii aliligawa kabla hajalipitia. Ukurasa wa katikati ulikuwa na picha ya mji wao mdogo, siku ile moto wa msituni uliposhuka kutoka kwenye mikalitusi.

"Si ndilo duka la baba lile?" mmoja alipiga kelele. "Jamani, tumekuwa mastaa!"

Marnie hakucheka. Aliinamia picha hadi nywele zikagusa karatasi. Kidole chake kilikuwa juu ya nyumba ya mabati ambayo moto ulikuwa bado haujaifikia.

"Mwalimu, njoo uone."

Mwalimu akaenda, akainama. Kwenye dirisha la jikoni alisimama mwanamke, viganja vyote viwili amevibandika kwenye kioo.

Siku ya mazishi, ni mwalimu huyuhuyu aliyempakata Marnie akamwambia kwamba moshi ulimchukua mama yake usingizini, hata hakujua.

"Mbona yuko macho?" Marnie aliuliza.

Mwalimu akavuta kiti, akaketi kando yake.

"Ndiyo, mwanangu," akasema. "Alikuwa macho."