K Iliyoburuta Mguu

Asubuhi ambayo miwani za kompyuta za watu wote zilianza kunyoosha kila herufi, Bi Mwanakheri alikuwa jikoni, akisoma kikaratasi cha mwisho cha marehemu mumewe, Ngwali: "Kunde zimeiva. Nimejilaza kidogo." Alikiandika baada ya kiharusi, na K zake ziliburuta mguu kama yeye mwenyewe. Leo zilisimama wima kama nguzo za umeme.

"Saumu! Nirudishie mwandiko wa baba yako!"

Bintiye alikuwa mmoja wa maelfu wanaoitunza bure programu ya miwani. "Mama, programu ni ya wote, hakuna mmoja wa kumwomba. Tulipiga kura herufi zikae sawasawa kwenye vidoti vya kioo, watu wasiumwe macho."

"Na wewe ulikubali?"

Saumu akainama. "Sikukikumbuka hicho kikaratasi."

Bi Mwanakheri akamwaga unga kwenye sinia, akaichora K ya mumewe kwa kidole. Kabla hajainua mkono, ilikwishanyooka machoni pake. Akavua miwani, lakini bila hiyo macho yake ya uzeeni yaliona weupe mtupu wa unga. Basi akaipapasa polepole, na kila alipoigusa, akawa anaifuta.