Chumba Kinachotazama Ukumbini

Sabuni ya pili nayo ilikwisha, na kucha bado nyeusi.

Mama alijikausha kwa taulo la gesti, jembamba kama kitambaa cha kuchujia chai, akarudi kuketi kitandani. Mkaa ni mkaa. Ukiuuza tangu mwanao yuko mgongoni mpaka anahitimu chuo, hauwezi kukuachia kwa kisabuni cha bure.

Chumba chenyewe kilikuwa na kitanda, kiti, msumari wa kutundikia nguo na feni iliyozunguka inapojisikia. Bafu ni la wote, mwisho wa korido. Kuta hazikuzuia chochote. Jirani akikohoa, unaweza kumpa pole bila kuinuka. Chini, mtaa wa kale ulikuwa umechangamka: cherehani zikilia, vinyozi wakishindana kwa redio, wauza mitumba wamepanda juu ya meza wakiwaita wapita njia "mpenzi" na "shemeji". Mama alivisikia vyote kama mambo ya watu wengine. Tangu ateremke kwenye basi jana hakuwa na furaha wala wasiwasi. Alikuwa anasubiri tu.

Alishavaa. Gauni jipya, kilemba, na viatu vya kuazima vilivyombana mpaka akavivua kwanza. Mwanawe wa pekee anaolewa. Sherehe ilikuwa palepale ng'ambo ya barabara, katika jumba la zamani lililokarabatiwa ambalo siku hizi wenye nazo hulikodi. Mtaa ulikuwa mwembamba na madirisha ya ukumbi yalikuwa wazi, kwa hiyo hata akiwa kitandani aliiona meza ya maharusi na nusu ya keki. Kitu kimoja tu alikitaka: kuketi karibu na meza ile, amwone mwanawe akicheka.

Binti mwenyewe ndiye aliyemchagulia chumba. Alipita asubuhi mbiombio, nywele zimekwisha kutengenezwa, hata kuketi hakuketi.

"Mama, usishuke peke yako. Wakwe ni wengi, watakukanyaga. Nitatuma mtu akufuate."

"Saa ngapi?"

"Nitatuma, mama. Na hapa dirishani utaona kila kitu."

Aliishika mikono ya mama yake, akazitazama kucha, akaikamata tena kwa nguvu mpaka ikauma. Kisha akatoka akijifuta macho kwa ncha ya kidole, asiharibu wanja. Mama hakushangaa. Bibi harusi gani asiyelia?

Alasiri mhudumu wa mapokezi alipanda na chupa ya chai na vikombe viwili. Alikuwa msichana mcheshi, wa kuzoeana na wageni haraka.

"Mama, tangu jana uko dirishani tu. Mimi nilijua umekuja kumvizia mume."

"Mume nilishamzika zamani. Nimekuja kumwoza binti yangu, hapo mbele."

"Yule dada wa asubuhi ni mwanao? Mbona pale chini alimuulizia mgeni wa chumba cha juu tu?"

"Siku ya harusi mtu husahau hata jina lake."

Msichana akacheka, akajivutia kiti, akamimina chai. Ng'ambo, watu wa mapambo walikuwa wakiingiza picha kubwa yenye fremu, iliyozungushiwa maua meupe. Waliisimamisha kando ya meza ya maharusi, wakarudi nyuma kuitazama.

"Si wewe huyo?"

"Ni mimi, enzi hizo. Aliiomba alipochumbiwa. Nikamwambia apige nyingine, nimezeeka, akasema hiyohiyo ndiyo nzuri."

"Una bahati, mama! Mimi mwanangu hata picha ya kitambulisho hataniwekea. Basi hawawezi kuanza bila wewe."

Mama nusura atabasamu.

Wakaanza bila yeye. Wageni walijaa, muziki ukapigwa, maharusi wakaingia wakicheza taratibu. Bintiye alikuwa amependeza kupita kiasi. Mama alimtazama, akangoja moyo umruke, haukuruka. Mguu wake wa kushoto ulikuwa umeingia ganzi kwa kukaa. Sahani zilipita, zikakusanywa. Kila hatua ziliposikika kwenye ngazi alishika mkoba wake, na kila mara alikuwa mpangaji mwingine anakwenda bafuni.

Mhudumu alishuka kupokea wageni, akapanda tena na kumkuta vilevile.

"Niende nikawaambie uko hapa?"

"Hapana. Kasema atatuma mtu. Subira yavuta heri."

"Heri yenyewe itakula keki bila wewe," msichana akasema, akaketi na kujimiminia chai iliyobaki, kwa kuwa hakuona vizuri kumwacha peke yake.

Muziki ukakatika. Sauti ya mshereheshaji ikatoka kwenye spika, ikavuka barabara na kuingia chumbani kama vile anaongea kutoka uvunguni.

"Mabibi na mabwana, kabla ya keki, bibi harusi ameniomba jambo moja. Naomba tusimame wote, dakika moja, kimya kabisa, tumkumbuke mama yake mzazi, aliyetangulia mbele ya haki bila kuiona siku hii."

Viti vikakwaruza sakafu ukumbi mzima. Bibi harusi alisimama kando ya picha, kichwa chini. Chumbani mhudumu alibaki kitini, kikombe hewani, hajui pa kutazama.

Mama aliteremsha mguu wenye ganzi, akaupapasa, akavaa viatu kimoja baada ya kingine. Akasimama wima dirishani, akakunja vidole ili kucha zisionekane.

"Simama, mwanangu," alisema. "Wamesema wote."