Wajina wa Mmarekani

Mjukuu wangu hatapewa jina langu. Binti yangu alinieleza hapa Milanzi, nikiwa nachuna mbuzi wa ubatizo.

"Baba, huyo Jeferson wa Marekani unamjua vizuri?"

"Rais wao wa zamani. Aliandika kwamba watu wote ni sawa. Babu yako alisikia habari zake redioni, akanipa jina lake."

"Alikuwa na watumwa, baba. Mamia. Wengine aliwauza."

"Hayo ya kwenye simu."

"Mimi nafundisha historia, baba. Mtoto ataitwa Anyosisye, kama babu yake wa Mbeya."

Kisu kilitoboa ngozi. Sikukitoa.

Shangazi yake babu yangu alifungwa kamba shingoni na wauza watumwa, akapitishwa bandari ya Kabwe, akavushwa Ziwa Tanganyika. Baba mwenyewe ndiye aliyenisimulia, kisha akaniita Jeferson.

Jirani akapiga hodi uani. "Mama Jeferson! Nilete sufuria?"

Mama yangu alikuwa jikoni, mlango wazi, amesikia kila neno. Jirani akaita tena. Mama hakuitika.

Mimi nilikosa wajina siku ile. Mama alikosa jina aliloliitikia tangu aliponizaa.