Maji ya Bomba

Kwa siku ya tatu mfululizo, mwalimu wa kuteleza kwa ubao juu ya mawimbi alijificha nyuma ya vyoo vya ufukweni, akajimwagia maji ya bomba, akaulowesha na ubao wenyewe, kisha akarudi nyumbani akichuruzika.

Goti aliloumia baharini lilishapona. Woga ndio uliokataa kupona.

"Enhe, bahari ilikuwaje leo?" mkewe aliuliza.

"Weee! Nimepanda mawimbi mpaka basi!"

Mkewe alicheka kwa furaha, akambusu begani. Mara kicheko kikamkauka. Akalamba midomo yake polepole, akitafuta chumvi.

Mwalimu alitamani ardhi ipasuke immeze.

"Haya, kaoge utoe chumvi," mkewe alisema, akimpa taulo bila kumtazama usoni.

Alilipokea, akaenda kuoga tena.