Viti Vilivyosimama Juu ya Korongo

Lifti ya kupandisha watu mlimani ilisimama tena. Viti vyake vilibaki vikibembea kwenye kebo juu ya korongo, na wacheza skii waliovikalia wakaanza kupiga mayowe.

Tamsin Havelka, fundi wa mitambo ya lifti, alikuwa ameshavaa mkanda wa kupandia. Alipanda nguzo ya tisa, akafungua kisanduku, akabadilisha sensa ya kuhisi hitilafu aliyoibadilisha juzi tu. Mikono ilijifanyia kazi yenyewe. Macho yake yalikuwa chini, kwenye theluji.

Korongo lile lilikuwa limefungwa tangu Desemba, siku theluji ilipoporomoka na kumfunika Leif, mumewe, mwokoaji wa mlima huu. Walimtafuta kwa mbwa na fito ndefu mpaka mlima ukaanza kunguruma tena, wakaacha. Hakuna aliyeruhusiwa kukanyaga pale, hata mkewe. Matanga yasiyo na maiti hayaanuliki. Kila Jumapili mama mkwe alipiga simu kuuliza swali lile lile, "Mmemwona?"

Sasa ilikuwa Aprili, theluji inayeyuka. Wiki ijayo lifti ingefungwa, na mto ungefurika korongoni ukazoa kila ulichokikuta.

"Tamsin!" bosi wake, Darcy, alifoka kwenye redio ya upepo. "Wateja wangu wanaganda huko juu! Hawana la kufanya ila kukodolea macho theluji!"

"Nimebadilisha sensa, bosi."

"Hiyo sensa umeibadilisha mpaka imekuzoea! Kesho anakuja fundi wa kampuni iliyojenga lifti. Akikuta kosa ni lako, kauze kahawa."

"Kahawa yangu chungu, bosi. Nitakukimbizia wateja wote."

Darcy hakucheka. Akashusha sauti. "Vijana wa lifti wanasema ni Leif. Eti ndiye anayeisimamisha."

"Leif hakuwahi kumchelewesha mtu," alisema Tamsin.

Kesho yake asubuhi, gari la fundi mgeni likiwa bado linapanda barabara ya mlimani, lifti ikasimama. Tamsin alikuwa kwenye chumba cha mitambo, anavaa mkanda.

"Usipande." Sauti ya Darcy kwenye redio haikuwa ya jana. "Kuna mama yuko kwenye kiti, katikati ya korongo. Anasema anaona koti jekundu chini. La waokoaji. Anasema lina mkono ndani, Tamsin. Pole, dada yangu. Pole sana."

Tamsin alikaa sakafuni akalia, kilio alichokibana tangu Desemba. Nje, mlango wa gari ulifungwa, na buti za mgeni zikasikika kwenye changarawe.

Akajifuta machozi. Akaisogelea kompyuta ya lifti, akafungua programu, akafuta amri moja aliyoiandika mwenyewe theluji ilipoanza kuyeyuka: viti vikijaa watu juu ya korongo, simama.