Taa za Mwezini

Miaka hiyo, aliyekwenda kufanya kazi mwezini alisaini miaka kumi na miwili, na nyumbani aliruhusiwa kuleta sauti tu. Kila jioni Ambakisye alimpigia mkewe Sekela, fundi seremala wa Vwawa. Sekela alitamani kupaona alipo.

Kwa miezi tisa alisaga kioo kwa mikono yake, kipana kama ungo, akakipeleka kupakwa alumini, kisha akakijengea darubini ya mbao inayozunguka juu ya kigoda. Jioni mwezi ulipoandama alipanda ngazi, akaweka jicho kwenye lenzi. Aliona milima, mashimo, hata vivuli vya kingo zake! Akaisogeza darubini taratibu hadi upande wenye giza, pale ramani ilipoonyesha mji wa wafanyakazi elfu sitini.

Simu ikalia.

"Mke wangu, hamjambo?"

"Hatujambo. Huko ni usiku?"

"Usiku wa wiki mbili. Ila taa zinavyowaka mji mzima, utadhani mchana."

Sekela akafuta lenzi kwa kitenge, akatazama tena. Giza tupu.

"Unaziona sasa hivi?"

"Niko dirishani. Kwani vipi?"

Mama mkwe wake alikuwa ameshatoka jikoni, anamnyooshea mkono.

"Lete, mkwe wangu, nimsikie mwanangu."

Sekela alisita, kisha akamteremshia simu.

"Umekula, baba?" bibi akauliza.

"Nimekula, mama," sauti ikajibu, ikacheka kicheko cha Ambakisye, pamoja na kile kikohozi chake kidogo mwishoni.